Gunia la Pembe

Daftari lenyewe ukiliona huwezi kulithamini. Jalada lake jeusi limepauka na uti wake umeshonwa upya kwa uzi mnene. Kurasa za mwanzo zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, mwandiko mwembamba uliolala kama mchirizi wa siafu. Halafu mwaka 1957 mwandiko unageuka. Zinaanza herufi za kizungu, kubwa kubwa, za mtoto wa skuli anayeogopa kutoka nje ya mstari. Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka 12.

Nyanya yangu, mzaa mamangu, alinishika mkono jioni moja baada ya alasiri akanipeleka nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Ukumbini walikuwa wameketi mabibi kama 20 juu ya mikeka, buibui zimetundikwa misumarini, sinia la tambuu katikati. Nikawabusu mikono mmoja mmoja. Nyanya akasema, "Karani wetu mato hayaoni tena. Huyu mwanangu yuwasoma skuli. Atatuandikia." Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Sababu ya kutaka herufi za kizungu ilikuwa kibali. Ngoma ya hadhara haikuchezwa bila ruhusa ya serikali, na ruhusa iliombwa kwa barua. Barua yangu ya kwanza maishani niliiandikia ofisi ya mkoloni, nikiomba kwamba wanawake wa mtaa wetu waruhusiwe kupiga lelemama usiku wa Jumamosi.

Jina la chama chao sitalitaja. Wajukuu wa wale mabibi wako hai, na si wote wanaopenda habari za ngoma za bibi zao zisomwe na watu. Kilikuwa chama kidogo. Siku hizo mji ulikuwa wa vyama viwili vikubwa vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, na mwanamke wa Mombasa ukimuuliza yeye ni wa wapi, alikutajia mtaa wake na chama chake kwa pumzi moja. Ushindani wao uliwaingia mpaka watoto. Sisi tulikuwa kama jahazi dogo linalopita baina ya meli mbili. Lakini taratibu zilikuwa zile zile, na ni hizo taratibu ninazotaka kuzieleza, kwa sababu waliotucheka waliziona nguo za sare na kuzisikia nyimbo, wakadhani mambo yameishia hapo.

Lelemama haikuwa ngoma ya kurukaruka. Wanawake walisimama safu, wamevaa leso za namna moja, mikono ikienda taratibu, mabega yakijibu, uso haucheki. Nguvu yote ilikuwa katika maneno. Mtunzi wa chama alipika fumbo wiki nzima, na likitolewa uwanjani kila mwenye sikio alijua ni nani aliyemwacha mkewe na njaa, au ni nani aliyeazima dhahabu ya jirani asiirudishe. Hakutajwa jina. Aliyetungiwa alijijua, na mtaa wote ulimjua. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye duka lake na heshima zake, akipitia uchochoroni wiki mbili kwa ajili ya ubeti mmoja. Sikuwa na umri wa kupima haki na dhuluma ya jambo lile. Leo naona kwamba mwanamke aliyefungiwa ndani hakuwa na mahakama nyingine iliyo karibu.

Kwenye harusi walipiga vugo. Usiku walitoka kundi zima, kila mmoja na pembe yake na kijiti chake, wakipita mitaani wakiimba na kugonga. Sauti ya pembe 30 zikigongwa pamoja katika kichochoro chembamba cha Mji wa Kale haifanani na ngoma yoyote. Ni kavu, inapasuka, inagonga ukuta huu na kurudi kutoka ukuta ule. Wageni wanaokuja Mombasa hupigwa picha chini ya zile pembe kubwa za alumini zilizosimamishwa barabarani katika miaka ya 1950 kuwapokea watu wa familia ya kifalme ya Uingereza. Sina ugomvi nazo. Lakini kwangu mimi mtu akisema "pembe za Mombasa," ninazozisikia ni zile za nyanya.

Sasa nirudi kwenye daftari, maana lelemama na vugo havikuandikwa humo. Kilichoandikwa ni fedha na vyombo.

Kila mwanachama alitoa sumuni kwa mwezi. Aliyeshindwa aliandikwa "atatoa," na neno hilo limejaa kurasa nyingi. Sikumbuki hata mara moja mtu kufukuzwa kwa sababu yake. Chama kilikuwa na masufuria makubwa ya shughuli, masinia, mabirika, mikeka, na taa za karabai 2. Mtu akiwa na harusi, akika au msiba, alikuja kuazima, nami nikaandika: sufuria kubwa 2, sinia 6, mikeka 4, na siku ya kurudisha. Mwanachama hakulipa chochote. Asiye mwanachama alileta sukari. Maskini asiye mwanachama alisamehewa ile sukari, na hapo nyanya aliniambia nisiandike kitu. "La huyu liko kwa Mungu," alisema, nami nikainua kalamu.

Kulikuwa na vyeo, na cheo kilinunuliwa kwa karamu. Mwanamke aliyetaka kupanda aliwalisha wenzake, biriani na halua, na kuwapa zawadi. Hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniuma. Watu waliumia kwa karamu hizi. Niliwaona wanawake wakiweka rehani bangili za mahari yao ili wasizidiwe na wa chama cha pili. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947, alikuwa amelikemea jambo hili la israfu miaka mingi kabla yangu, tangu enzi ya gazeti lake la Al-Islah lililoanza 1932. Nyanya alikuwa akimtaja kwa heshima kubwa. Akisema, "Sheikh alikuwa na haki katika matumizi." Kisha ananyamaza kidogo, na anaongeza, "Lakini hakuja kutuona siku za msiba." Alikuwa na maana kwamba mwanamume, hata awe mwanachuoni, haingii nyumba wanamooshewa wanawake waliokufa, na huko ndiko chama kilikofanya kazi yake kubwa.

Mwaka 1958, siku chache kabla ya Ramadhani, alifariki bibi mmoja aliyekuwa akikaa chumba cha nyuma karibu na bandari ya zamani. Alikuwa akiuza mbaazi na mahamri asubuhi. Hakuwa na mtoto, hakuwa na ndugu. Wakubwa walijua sababu, nami niliijua siku ile. Aliletwa pwani akiwa mtoto mdogo kutoka bara ya mbali, upande wa Nyasa, akauzwa. Utumwa ulipofutwa hapa kwetu kwa sheria ya mwaka 1907 alikuwa msichana tu. Akaondoka katika nyumba iliyokuwa ikimmiliki, akapanga chumba, akaanza kuuza vyakula, akajiunga na lelemama. Katika chama alikuwa na cheo. Alikipata kwa karamu yake mwenyewe, ya fedha ya mbaazi, na kwenye ngoma alisimama mbele ya wanawake ambao mama zao walikuwa waungwana wenye mashamba.

Nyanya alituma mtu msikitini ili wanaume watayarishe kaburi na jeneza, kisha akaita wanachama waje kuosha. Wakaja wengi. Mmoja, mwanamke wa ukoo, alisimama mlangoni akasema yeye ataleta ubani lakini kuosha hataosha. Hakusema kwa nini. Kila mtu alijua kwa nini. Ukumbi ulinyamaza, nikasikia maji yakitiririka kutoka kwenye ndoo. Nyanya hakumjibu. Alikunja mikono ya kanzu yake, akajifunga leso kiunoni, akaingia ndani, na wengine wakamfuata. Yule mwanamke alibaki pale mlangoni muda mrefu. Mwishowe naye aliingia, akashika kata ya maji. Sijui moyoni mwake kulipita nini. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile hakukosa kuosha maiti yeyote, na yeye mwenyewe alipokufa miaka mingi baadaye aliyemwosha wa kwanza alikuwa mjukuu wa mtumwa.

Mimi nilikaa ukumbini na daftari magotini. Ukurasa wa siku ile ninao mbele yangu: sanda, majani ya mkunazi, karafuu maiti, marashi, ubani, kahawa na tende za matanga ya siku tatu, mwalimu wa hitma. Jumla imeandikwa na kufutwa mara mbili, kwa sababu mikono ilikuwa ikinitetemeka.

Siku ya nne alikuja kijana mmoja kutoka ile nyumba iliyokuwa ikimmiliki marehemu zamani. Akataka kujua vitu vyake viko wapi: kasha, pete 2 za fedha, na akiba yoyote. Alisema yeye ndiye mrithi, kama ilivyokuwa desturi. Alizungumza kwa adabu, tena alimwita nyanya "mamangu." Nyanya alinambia, "Msomee." Nikasimama nikamsomea ukurasa wote, sanda mpaka hitma. Nilipomaliza nyanya alimwambia, "Sanda tumeinunua sisi. Maji tumeteka sisi. Wewe ukitaka pete zake, keti hapa kwanza utueleze jina la mamake lilikuwa nani." Kijana hakulijua. Hakuna aliyelijua. Akaaga akaenda zake. Pete ziliuzwa, fedha ikanunua mchele, ukapikwa siku ya arobaini yake wakalishwa watoto wa mtaa. Hilo pia limo daftarini.

Nimelitaja tukio hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililonifunza chama ni kitu gani. Mtu asiye na ukoo katika mji wa Waswahili wa zamani alikuwa kama mti usio na mizizi, upepo wowote unamwangusha. Chama kilimpa watu wa kumlilia. Mwandishi Mmarekani Margaret Strobel, katika kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kilichotoka 1979, alionyesha jinsi vyama vya lelemama vilivyowakutanisha wanawake waliozaliwa huru na wale wa asili ya utumwa. Nilipokisoma sikujifunza jambo jipya kwa upande huo. Nilifurahi tu kwamba sasa liko mahali ambapo haliwezi kufutwa.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Wasichana waliosoma waliona haya kutajwa pamoja na ngoma. Mjini vikazuka vyama vya namna mpya, Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, vyenye mikutano, ajenda, mafunzo ya kushona na kupika, na michango ya elimu. Wengi wa viongozi na wanachama wa vyama hivyo walikuwa wamepitia lelemama, na ule ushindani wa zamani waliuhamishia humo. Nadhani watu hawakuliona hili vya kutosha. Wanawake hawa hawakufundishwa kuendesha chama na ofisi yoyote. Kukusanya fedha, kuweka siri, kugawa kazi, kumtuliza mwenye hasira, hayo yote waliyaleta kutoka uwanjani.

Kwetu sisi mabadiliko yalikuja na cherehani. Ilikuwa mwaka 1964, uhuru una miezi michache. Mama mmoja wa ofisi, jina lake na ofisi yake nitaviacha, alikuja akatuambia kuna mwalimu wa kushona anayeweza kutujia mara mbili kwa wiki bila malipo, ila mashine tununue wenyewe. Wanachama wakafurahi. Kisha akatazama pembe zilizotundikwa ukutani akasema mwalimu hawezi kufundisha katika nyumba ya ngoma. Tuchague.

Mkutano wa usiku ule ulikuwa mkali kuliko wote niliowahi kuandika. Nilikuwa na miaka 19, tayari nimeolewa, na kwa aibu nasema kwamba nilikuwa upande wa cherehani na dhidi ya pembe. Nilisimama nikasema wakati wa ngoma umepita, nchi inajengwa, wajane wanahitaji kipato. Nilisema maneno mengi ya skuli. Wazee walinisikiza kimya, na ukimya ule niliudhania kuwa wamekubali. Mtunzi wetu, bibi aliyekuwa na nyimbo zaidi ya tulizoweza kuhesabu, aliuliza swali moja: "Na nyimbo tutaziweka wapi?" Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na daftari magotini, na sikumjibu.

Nyanya ndiye aliyekata shauri. Pembe haziuzwi wala hazitupwi. Zitiwe guniani, ziwekwe chini ya kitanda chake. Sanduku la chama likafunguliwa, fedha haikutosha kwa mashine hata moja. Akavua bangili yake moja ya dhahabu, akaiweka juu ya sinia la tambuu. Bibi mwingine akavua yake. Kwa hizo zikapatikana Singer 2 za mkono, zilizotumika.

Darasa lile lilidumu karibu miaka 11. Walishonewa sare za skuli watoto wa mtaa mzima. Wajane waliokuwa katika eda, miezi minne na siku kumi bila kutoka nje, tuliwapelekea vitambaa nyumbani wakashona kwa mkono, wakalipwa kila wiki. Jioni mimi nilifundisha kusoma. Wengi wa mabibi walikuwa wakisoma Kurani tangu utotoni na wengine waliandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu vizuri kuliko mimi, lakini serikali iliwahesabu kuwa hawajui kusoma. Bibi mmoja aliposhika herufi za kizungu, jambo la kwanza aliloandika ni jina la marehemu mwanawe. Akaitazama ile karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Kazi ilikuwa njema, na watu walisaidika. Sijutii cherehani.

Ninachojutia ni kingine. Nyanya alifariki mwaka 1970. Mtunzi alimtangulia kwa mwaka mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaja mjini watafiti wenye vinasa sauti, wakiulizia mambo ya wanawake, ya harusi, ya ngoma. Mwaka 1991 ulipotoka kwa Kiswahili ule mkusanyiko wa Sarah Mirza na Margaret Strobel wa maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy, nilikaa nao barazani nikausoma kutoka jalada hadi jalada kwa siku mbili. Sauti zile zilikuwa hai. Nililia, mume wangu akanidhania nimepata habari ya msiba. Nilikuwa nikiiwaza ile miaka 13 niliyokaa na daftari pembeni mwa nyanya yangu, nikiandika kila sufuria na kila senti, na wimbo hata mmoja sikuuandika. Nilidhani nyimbo si hesabu. Nilidhani zitakuwapo, kama maji ya bahari yalivyo, bila mtu kuyaandika.

Nimejaribu kuokota nilizoweza. Kuna jirani anayekumbuka viitikio, kuna dada wa mtunzi huko Majengo aliyekuwa na beti kadhaa kabla kumbukumbu haijamwacha, kuna mimi. Nimepata vipande. Fumbo likikatika katikati linakuwa maneno tu, kwa sababu aliyetungiwa, kosa lake na aliyejua vyote wamekufa. Nimeviandika hivyo hivyo vipande, nyuma ya daftari lile lile, kwa herufi zote mbili.

Mwezi wa Shaabani mwaka huu alikuja mjukuu wa dadangu. Anaolewa rafiki yake hapa Kibokoni, na wasichana wenzake wamesikia kwamba zamani bi harusi alipigiwa vugo usiku. Akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Nyanya, zile pembe mulizitupa?"

Nikamwambia atazame chini ya kitanda. Gunia lilikuwa limeoza upande mmoja na vumbi likamfanya apige chafya, lakini pembe hazikuoza. Zilikuwa 31. Tukazifuta kwa mafuta ya nazi sebuleni, yeye na mimi, na nikamwonyesha namna ya kuishika, si kwa ngumi, kwa vidole, ili isinyamaze. Aligonga mara ya kwanza kwa woga. Mara ya pili jirani wa juu alifungua dirisha.

Alipokuwa akizifunga katika leso kuzichukua nilimwambia asubiri. Nikaleta daftari. Mkono wangu siku hizi hautulii, lakini niliandika tarehe, kisha: pembe 12, vijiti 12, vimeazimwa kwa harusi. Nikamuuliza zitarudi siku gani. Akasema Jumatatu. Nikaandika Jumatatu.